Hoja kuwa nje ya kanuni: maana yake

Hoja, yaani pendekezo linaloletwa bungeni au mkutanoni ili liamuliwe, inaweza kushindwa au kuzuiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa mitaani tunasema tu "imekataliwa". Hoja iliyoshindwa imejadiliwa, imepigiwa kura, na waliosema "siyo" wakawa wengi. Hoja iliyo nje ya kanuni haifiki huko. Kiti, yaani Spika au mwenyekiti anayeongoza kikao, kimeizuia mlangoni, na hakuna anayejua kura zingekwendaje.

Kisheria, Spika anapoizuia hasemi kuwa ni mbaya. Anasema haikuletwa inavyotakiwa: muda haukutosha, saini zimepungua, aliyeileta hana ruhusa, au jambo lenyewe limeshaamuliwa.

Mfano wa Bunge la Tanzania, Dodoma, unalieleza hili vizuri. Aprili 2012, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda. Ibara ya 53A ya Katiba ya Tanzania inataka saini za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote. Lakini inataka pia taarifa imfikie Spika siku zisizopungua 14 kabla ya hoja kuwasilishwa, na mkutano ule ulikuwa umebakiza siku chache tu kuahirishwa. Spika Anne Makinda akasimamia hapo hapo kwenye siku 14. Hoja haikusomwa. Mapema Mei, Rais Kikwete akapangua baraza lake na mawaziri sita wakaachwa nje, Pinda akabaki. Kwa hiyo hoja inaweza kuzuiwa na bado ikatikisa watu.

Ibara hiyohiyo ina vizuizi vingine. Waziri Mkuu akiwa hajatimiza miezi sita tangu ateuliwe, hoja haijadiliwi. Hoja kama hiyo ikiwa iliwahi kutolewa na Bunge likaikataa, lazima ipite miezi tisa kwanza.

Kwenye fedha kuna ukuta mwingine. Ibara ya 99 hairuhusu Bunge kushughulikia mambo kama kuweka kodi au kuchota Mfuko Mkuu wa Hazina bila pendekezo la Rais lililowasilishwa na Waziri. Mbunge akija na hoja yake binafsi ya aina hiyo, hata wenzake wote wakiipigia makofi, haipiti hatua ya kwanza.

Kurudia jambo lililokwisha kuamuliwa ndiko kunakoleta vituko. Machi 2019 huko Uingereza, Spika John Bercow aliiambia serikali ya Theresa May kwamba haiwezi kuleta kwa mara ya tatu mkataba uleule wa kujitoa Umoja wa Ulaya uliokwisha kushindwa mara mbili. Alitegemea desturi inayorudi hadi mwaka 1604. Serikali ikatenga sehemu moja, tamko la kisiasa, ikaleta mkataba peke yake, na Spika akakubali kwamba hiyo ni hoja nyingine. Ikashindwa tena, ila kwa kura, si kwa kuzuiwa na Spika.

Spika si lazima aone kila kitu mwenyewe. Mbunge anayeona kanuni inavunjwa husimama na kusema "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika". Kenya utasikia "Jambo la nidhamu, Bwana Spika". Asimame mapema. Ukikaa kimya hadi kura zihesabiwe, halafu ndipo ukumbuke kanuni, utaonekana umeumizwa na matokeo tu.

Na usidhani haya ni ya waheshimiwa peke yao. Kwenye mkutano mkuu wa Saccos, ajenda ikifika "mengineyo", huinuka mtu akitaka mweka hazina aondolewe leo leo. Kama katiba ya chama inataka wanachama wapewe taarifa kabla, mwenyekiti ana haki ya kuizuia hoja, hata kama mweka hazina kweli ana maswali ya kujibu. Aliyeinuka aiandike, aipeleke kwa katibu, iingie kwenye ajenda ya mkutano ujao.