Je, wajua setilaiti iliyo kilomita 693 juu huonaje kilima kinachohama kwa sentimita?

Kwa miaka mingi nilidhani jibu ni jepesi: inapiga picha leo, inapiga nyingine mwezi ujao, mtu anazilinganisha na kuona kilichosogea. Nilimweleza hivyo jirani yangu, fundi baiskeli, kwa kujiamini kabisa. Akauliza: doti moja ya picha hiyo ina ukubwa gani?

Sikujua. Nilipotafuta, nikakuta kwamba kwa Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2014, doti moja hufunika takriban mita 5 kwa 20. Hapo inaingia nyumba na uwanja wake. Nyumba hiyo ikisogea sentimita moja, kwenye picha huoni kitu. Na bado setilaiti hizo hupima sentimita hiyo, hata milimita kadhaa.

Nikahamia kosa la pili: basi inapima umbali wake hadi ardhini, leo na kesho, kisha inatoa kimoja kwa kingine. Hapana. Hakuna anayeujua umbali huo kwa usahihi wa milimita, na uzuri ni kwamba hauhitajiki.

Chukua baiskeli, chora alama ya chaki kwenye tairi, uanze nayo ikiwa chini. Isukume kutoka mlangoni hadi dukani bila kuhesabu mizunguko. Ukifika, angalia tu chaki imesimama wapi. Baada ya siku 12 rudia, njia ile ile. Chaki ikipita pale ilipoishia mwanzo, duka limesogea mbali, isipofika, limekukaribia. Umbali wa dukani bado huujui, ila umejua duka limehama kwa upana wa viganja viwili.

Rada hurusha wimbi la redio ardhini na kulipokea likirudi. Tairi lake ni wimbi hilo, lenye urefu wa sentimita 5.6 hivi. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, ardhi ikisogea sentimita 2.8 tu kuelekea setilaiti, chaki imeshamaliza mzunguko mzima. Sehemu ndogo ya mzunguko huo husomeka, na humo ndimo milimita zinamopatikana.

Taabu zake nazo ni za baiskeli. Unyevu wa hewani huchelewesha wimbi, kama mchanga unaotelezesha tairi, ndiyo maana hulinganishwa safari nyingi badala ya mbili. Migomba na vichaka hubadilika kila wiki, na wimbi hurudi limevurugika. Kilima kinachoteleza kuelekea kaskazini au kusini karibu hakionekani, maana setilaiti hupita kwa mwelekeo huohuo ikitazama ubavuni. Na tope la ghafla, kama lililoshuka Hanang, Tanzania, asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, halingoji siku 12. Njia hii ni ya vilima vinavyotambaa.

Kimoja kipo Funu, mtaa wa mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Watu wamejenga juu ya poromoko lenyewe, na ardhi inashuka polepole na nyumba zao. Kwa rada, mtaa wa namna hiyo ni neema: kuta na mabati hurudisha wimbi vilevile kila mara, tofauti na shamba la mihogo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia Funu kwa miongo saba kwa kuanzia na picha za zamani za ndege, uliona kwamba kupanuka kwa mji kumeongeza mwendo wa poromoko. Anayeshukiwa zaidi ni maji, yaani namna barabara, mifereji na mabomba yanavyoyaelekeza ardhini. Kwa hiyo nyumba zinazorahisisha kipimo zimo pia katika kinachopimwa.

Kuna jambo moja lililonifurahisha kuliko inavyostahili. Sehemu fulani za Funu hukimbia mno. Duka likihama mzunguko mzima wa tairi au zaidi, chaki inakudanganya, na hapo hesabu ya mawimbi hukwama. Watafiti walifanyaje? Waliweka picha ya tarehe moja kando ya picha ya tarehe nyingine, wakatafuta kilichosogea. Nimemrudishia fundi habari hiyo. Bado anadai nilibahatisha.