Kitako cha Sufuria, na Mengine Tunayoyakosea Kuhusu Somo la Sanaa

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na wazazi wao wakatakiwa kujibu swali ambalo sisi wazee wao hatukuulizwa: mtoto afuate mkondo gani? Iko mitatu: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mimi nafundisha Sanaa hapa Pwani ya Kenya. Maneno ninayoambiwa na wazazi mlangoni mwa darasa ni yale yale niliyoyasikia nikifundisha Sanaa na Ubunifu ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na mengi si ya kweli. Nayaandika kwa sababu yanawafungia watoto njia kabla hawajashika penseli.

“Mwanangu hana kipaji.”

Hili ndilo nalisikia zaidi, na ndilo linaloniuma zaidi. Wiki ya kwanza huwa naweka sufuria tupu juu ya meza na kusema: ichoreni. Karibu wote huchora mdomo wa sufuria kama jicho, lenye ncha mbili kali pembeni, na kitako wanakipiga mstari ulionyooka kwa rula. Nikimuuliza mmoja kwa nini, hunijibu bila wasiwasi: “Mwalimu, sufuria imekaa mezani, lazima kitako kiwe bapa.”

Ni kweli kimekaa bapa. Lakini mtu anayeitazama sufuria kutoka juu kidogo haoni ubapa huo. Ukingo wa mdomo anauona kama yai lililolala, lisilo na ncha popote, na ukingo wa kitako anauona umepinda kuelekea kwake. Tena kitako kimepinda zaidi kuliko mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho. Mtoto amechora anachokijua, hajachora anachokiona.

Na hilo lina dawa. Namwambia anyooshe mkono, afumbe jicho moja, apime upana wa mdomo kwa penseli, kisha aone kimo cha sufuria kinaingia mara ngapi. Wiki inayofuata naleta birika, na safari hii namkataza kuchora birika lenyewe. Achore ile nafasi tupu iliyo kati ya mkono na tumbo lake. Akiipata nafasi ile, mkono unajitokeza wenyewe, mahali pake, kwa unene wake. Nimewaona watoto wakiacha kupumua pale.

Sisemi kipaji hakipo. Wapo wanaokwenda mbio kuliko wenzao. Lakini mara nyingi yule anayeitwa “msanii” na darasa zima ndiye anayekwama kwanza, kwa sababu miaka yote amekuwa akinakili katuni, na sufuria haina mistari ya kunakili. Yule aliyekuja bila sifa yoyote husikiliza, hupima, hufuta, hupima tena.

“Ni somo la walioshindwa na hesabu.”

Kwanza, hesabu haimwachi mtu. Katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, kila mwanafunzi anasoma Hisabati, awe mkondo gani. Pili, waulize wanafunzi wangu waliowahi kubuni khanga. Khanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji, yaani ile sehemu ya katikati, na jina lake lile lenye ujumbe. Msichana mmoja alikuwa na kitambaa cha sentimita 150 kwa 110, akachora ua la pindo lenye upana wa sentimita 20. Likamuingia mara saba na nusu upande mrefu, mara tano na nusu upande mfupi, na kila upande ukaishia kwenye ua lililokatwa katikati. Alikaa na karatasi yake mpaka kengele ikalia, akatafuta namba inayogawa 150 na 110 bila kubakisha kitu. Ua la sentimita 10 likampa kumi na tano na kumi na moja. Kigawo kikubwa cha shirika alikuwa amefundishwa tangu shule ya msingi. Siku hiyo ndiyo alijua kina kazi gani.

Wanaodhani ni kuchorachora tu kupitisha wakati, waangalie KCSE inavyolitahini: karatasi ya nadharia, ya kuchora, na mradi unaofanywa kwa muda mrefu. Mtahiniwa mvivu huanikwa na mradi wake.

“Dini yetu inakataza.”

Hapa Pwani swali hili huja kwa heshima, nami hulijibu kwa heshima. Wanazuoni wa Kiislamu wamehitilafiana kuhusu kuchora na kuchonga viumbe wenye roho, na mzazi anayeshika rai ya kukataza simtoi kwenye rai yake. Lakini kosa ni kudhani kwamba ukiondoa watu na wanyama somo limekwisha. Nenda Lamu, mji uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Tazama milango iliyonakshiwa, maua na majani yakifuatana kwenye miimo na kizingiti. Ingia nyumba za kale za mawe uone zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, safu juu ya safu ndani ya ukuta wa chokaa. Wazee waliofanya kazi ile walikuwa Waislamu. Mwandiko wa Kiarabu, nakshi za pembe na duara, misuko ya mikeka, herufi za matangazo, ufinyanzi: mwanafunzi anaweza kusoma miaka yake yote hapo asiguse alichokatazwa. Bi mkubwa mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwalimu, kumbe mkeka wa mamangu ni mtihani.” Naam, bibi, tena mgumu.

“Atakula nini?”

Swali la haki. Anayeishi kwa kuuza picha pekee hupata leo na kukosa kesho, na sitamficha mzazi hilo. Ila picha za ukutani ni kipembe kidogo cha kazi hii. Kuna anayepanga kurasa za vitabu, anayebuni vifungashio, nguo, fanicha, vibao vya maduka, katuni zinazotembea. Anayetaka usanifu majengo ajue mapema kwamba vyuo vitamdai pia hisabati na fizikia. Sanaa itamsaidia, haitazifidia.

Tuna mfano wetu mkubwa. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaanza kwa kusomea sanaa za biashara na michoro ya matangazo hapa Kenya. Alikwenda Uingereza mwaka 1971, na huko ndiko alikogeukia udongo. Leo vyungu vyake, vinavyojengwa kwa mkono bila gurudumu, vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani.

“Vifaa ni ghali.”

Rangi nzuri ni ghali, kweli. Mkaa wa kuchorea tunautengeneza wenyewe: vijiti vyembamba vikavu, kopo la maziwa ya unga lenye tundu moja kwenye kifuniko, juu ya jiko. Moshi ukikata, unaepua, na hulifungui kopo mpaka lipoe, la sivyo utapata majivu.

“Shule imeandika inafundisha, basi inafundisha.”

Hapa ndipo wazazi wengi huumia. Somo kuwa kwenye orodha si sawa na kuwa na mwalimu wake. Kabla ya kuchagua, fika shuleni. Uliza mwalimu wa Sanaa ni nani na amesomea nini. Uliza darasa liko wapi, na kama lina maji ya kuoshea brashi. Kisha omba daftari la kuchorea la mwanafunzi wa kawaida, si zile kazi zilizobandikwa ofisini. Fungua kurasa za mwanzo, halafu za mwisho, uangalie vitako vya sufuria.