Usijaze gesi ya AC ya gari kabla hujaiuliza sensa yake ya joto

Kijana mmoja anayebeba abiria baina ya Mkoani na Wete, hapa Pemba, alinijia adhuhuri, shati limemganda mgongoni. "Ami, niongezee gesi, AC haipozi." Nikamuuliza mara ya mwisho aliongeza lini. Akasema wiki mbili nyuma, na mara moja tena kabla ya hapo. Kalipa mara mbili, na bado abiria wake wanashusha vioo tangu bandarini.

Sikumwongezea. Gesi ya AC si petroli, haichomwi wala hailiwi. Inazunguka humo humo miaka na miaka, na ikipungua basi ipo pahala inapotokea. Nilipita maungio yote kwa povu la sabuni, sikuona kiputo. Wala sikuona mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye bomba, alama ambayo uvujaji mkubwa huiacha karibu kila mara.

Hapa niseme jambo linaloniudhi kweli. Wako wanaofunga geji za kupimia presha ya gesi injini ikiwa imezimwa, wakasoma, wakahukumu: "gesi chache." Gari iliyozimwa na kutulia kwenye joto la digrii 30, yenye gesi ya R134a, itaonesha presha ya karibu psi 97 pande zote mbili, ule wa presha ya chini na ule wa presha ya juu, iwe imejaa au imebaki nusu, maadamu humo ndani bado kuna gesi ya majimaji. Namba ile inakwambia joto la siku. Haikwambii kiasi.

Kwa hiyo nikawasha. Kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, ikashika, tak. Geji ya chini ikashuka, ikasimama kwenye psi 42. Ya juu ikapanda kuliko ninavyopenda, lakini haikufika pa kutisha. Nikachomeka themomita kwenye tundu la hewa la katikati: digrii 24, 21, 18. Halafu tak tena, kompresa imeachia. Ikakaa kidogo, ikashika, ikafika 18, ikaachia. Haikuteremka chini ya hapo hata mara moja.

Swali la kujiuliza ni moja: nani kaikata? Swichi ya presha hukata gesi ikiwa imekwisha kweli, au presha ya juu ikizidi mno. Hapa hapakuwa na hili wala lile. Aliyebaki ni sensa, kidude cha kuhisi joto, ya koili ya ndani, ile evaporeta inayopoza hewa, iliyojificha nyuma ya dashibodi.

Sensa hii ni kitu kidogo, kama punje ya mchele mwisho wa nyaya mbili, imechomekwa baina ya bati nyembamba za koili. Kazi yake ni kuizuia koili isigande barafu. Ndani yake mna themista, ambayo ukinzani wake hupanda baridi inapozidi na hushuka joto linapozidi. Kompyuta ya AC inapeleka volti 5, inasoma kinachobaki, na kwa hapo inajua joto la koili. Ikiona koili imekaribia sifuri, inaiachia kompresa. Kwenye Toyota nyingi zinazopita mikononi mwangu, sensa isiyo na kasoro inasoma ukinzani wa kiasi cha kilo-omu 1.2 kwenye digrii 30, kama 2.4 kwenye digrii 15, na baina ya 4.5 na 5 kwenye sifuri. Namba hizi nimeziandika ukutani kwa chaki. Gari za kampuni nyengine zina zake, tafuta kitabu chake.

Nikafungua droo ya mbele ya abiria, nikaifuata waya mpaka kwenye soketi. Nikaichomoa, nikapima sensa yenyewe: 1.2. Nzima kabisa. Fundi mwenye haraka angeishia hapa, akasema sensa haina neno, akarudi kwenye mtungi wa gesi. Nikairudisha soketi, nikaenda kupima upande wa pili, pale waya zinapoingia kwenye kompyuta. Mita ikaniambia 3.2.

Hizo kilo-omu mbili zimetoka wapi? Niliichomoa soketi tena, nikaitia tochi. Pini moja ilikuwa nyeupe inang'aa. Ya pili imeota kijani, unga unga, kama ule unaouona kwenye misumari ya shaba ya chombo cha zamani. Maji ya koili yalikuwa yakitiririka kwa kufuata waya, tone kwa tone, na hewa yetu hii ya chumvi ikamalizia kazi.

Sasa fuata hesabu. Koili ikiwa na digrii 15, sensa inasema 2.4. Ongeza mbili za kutu, kompyuta inasoma 4.4, inaamini koili imefika digrii mbili, inakata. Kwa hiyo koili haipati kushuka chini ya 15, na hewa inayomfikia abiria ni 18. Kila kifaa kinafanya kazi yake sawasawa, ila kimepewa habari ya uongo.

Utasema mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu, ingeliona hilo. Haioni. Kwenye Toyota nyingi zenye AC ya AUTO huhitaji hata mashine: bana kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, washa swichi, taa zitawaka na kuzimika, kisha kodi zinatokea kwenye kioo cha AC pale dashibodini. 11 ni sensa ya chumba, 12 ya nje, 13 ya koili, 21 ya jua. (Usishituke ukiona 21 gari ikiwa kivulini. Sensa ya jua haioni jua, basi. Mimi nafanyia kazi chini ya mwembe na naiona kila siku.) Lakini kodi hizi hutoka pale waya ikikatika au ikigusana. Sensa inayodanganya kwa kiasi, kompyuta inaiamini.

Upo na ugonjwa wa kinyume. Sensa ikichomoka kwenye bati, au, kwenye AC isiyojikagua kwa kodi, fundi akiwa ameziunga zile nyaya mbili moja kwa moja ili "kompresa isikatekate", kompyuta inaamini koili ina joto na haiachii kamwe. Gari inapoza vizuri mwanzo wa safari, halafu baada ya nusu saa upepo unakufa ingawa feni unaisikia inavuma. Koili imekuwa bonge la barafu, na wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, inaganda upesi zaidi. Watu wananunua feni mpya. Zima AC, iache feni peke yake robo saa; upepo ukirudi na maji yakimwagika chini ya gari, feni haina kosa. Na tafadhali, kuziunga zile nyaya si matengenezo. Unaiua kompresa ya mtu.

Ukiwa na shaka na sensa yenyewe, itoe, ponda barafu kwenye bilauri, tia maji kidogo, izamishe kichwa chake tu dakika tatu. Mita ipande taratibu mpaka karibu na 5. Kisha ifumbate kiganjani, ishuke taratibu. Ikirukaruka au ikigoma, ibadilishe.

Ile ya kijana haikuhitaji kubadilishwa. Nilikata soketi, nikaungia nyengine, nikalehemu, nikaifunga na kuielekeza waya ianguke chini kabla ya kupanda, ili tone lisiifuate tena. Kisha nikaitoa gesi yote kwa mashine na kuipima. Ilizidi kwa gramu 170 juu ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti. Ndizo alizouziwa mara mbili, na ndizo zilizokuwa zikiipandisha geji ya juu.

Nikarudisha kiasi cha kibandiko, tukaenda mpaka Gombani na kurudi, vioo vimefungwa. Themomita ilisoma 8.