Makrofaji na limfositi kwenye uvimbe wa pituitari: ukihesabu, uliza ni za aina gani

Uvimbe wa pituitari, tezi ndogo ya homoni iliyo chini ya ubongo, tumezoea kuupima kwa homoni unazotoa na kwa ukubwa: chini ya milimita 10 ni mdogo, kuanzia 10 ni mkubwa. Vipimo hivyo ni vya lazima, ila havitoshi kueleza kwa nini uvimbe mmoja hutulia miaka na miaka kwenye kishimo chake cha mfupa, huku mwingine ukipenya pembeni hadi kuizunguka ateri ya karotidi, inayopeleka damu ubongoni. Sehemu ya jibu imo kwenye seli za kinga zilizoingia ndani ya uvimbe, yaani limfositi (seli nyeupe za damu) na hasa makrofaji, seli zinazomeza uchafu na vijidudu.

Seli za uvimbe hutoa CCL2, kemokini (kemikali ya kuita seli za kinga) ambayo huita monositi, yaani makrofaji changa, kutoka kwenye damu. Sehemu ya mbele ya pituitari haina kizuizi kile kinachoulinda ubongo, na kapilari zake (mishipa midogo kabisa ya damu) zina matundu, kwa hiyo njia iko wazi. Zikishaingia, monositi hugeuka makrofaji, na mazingira ndiyo huamua tabia yake. Zile za aina ya M1 husaidia kuushambulia uvimbe. Za M2 huutumikia: hutoa VEGF, protini inayootesha mishipa mipya ya damu, huwatuliza walinzi wengine, na humwaga vimeng'enya kama MMP-9 vinavyokata kolajeni, nyuzi za protini zilizouzuia uvimbe usitoke. Mgawanyo huu ni wa kurahisisha mambo, maana makrofaji nyingi ziko katikati, lakini mwelekeo wake unaonekana: uvimbe mkubwa na unaopenya mara nyingi huwa na makrofaji nyingi. Wagonjwa waliorithi kasoro ya jeni ya AIP, ambao wengi hupata uvimbe wa homoni ya ukuaji wangali vijana, ni mfano mzuri. Kwao CCL5, kemokini nyingine, nayo imo kwenye wito huo wa makrofaji.

Kwenye hadubini ndiko watu huteleza. Mimi huanza na rangi ya retikulini, inayoonyesha nyuzi nyembamba za tishu, kwenye kipande chenye unene wa mikroni 3 au 4. Tezi nzima, yaani isiyo na uvimbe, ina vijumba vya seli vilivyozungukwa na nyuzi kamili. Kwenye uvimbe nyuzi hizo zimevunjika. Ukiruka hatua hii utahesabu seli za tezi nzima ukidhani ni za uvimbe. Kisha hufuata alama, yaani protini za kutambulisha seli: CD68 kwa makrofaji zote, CD163 kwa zinazoelekea M2, CD3 na CD8 kwa limfositi T, na FOXP3 kwa zile T zinazozima wenzake. CD4, alama nyingine ya limfositi T, isiaminiwe peke yake, kwa sababu makrofaji nazo huibeba.

Mtego mbaya zaidi ni damu iliyovuja ndani ya uvimbe. Makrofaji huja kuisafisha na kubaki na hemosiderini, chembe za kahawia zinazofanana mno na kahawia ya DAB, rangi tunayotumia kuonyesha alama hizo. Pitisha rangi ya Perls kwenye kipande cha jirani: chuma kitageuka buluu. Makrofaji zenye buluu hiyo ni seli za usafi, na wingi wake hausemi lolote kuhusu kasi ya ukuaji.

Limfositi kwa kawaida ni chache. Katika ugonjwa wa Cushing, ambapo uvimbe husababisha homoni ya kotisoli kuzidi mwilini, kotisoli yenyewe huzipunguza, na deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, iliyotolewa kabla ya upasuaji hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo fomu ya maabara isiyoonyesha dawa alizotumia mgonjwa irudishwe wodini.

Je, kinga inaweza kuamshwa? Matibabu ya msingi yamebaki yaleyale: dawa ya kabagolini kwa uvimbe unaotoa homoni ya prolaktini, upasuaji kupitia puani kwa aina nyingine nyingi, na temozolomaidi, dawa ya kemotherapi, pale uvimbe unapokuwa mkali na kushinda upasuaji na mionzi. Baada ya hapo ndipo ipilimumabu pamoja na nivolumabu, dawa zinazoamsha kinga, hujaribiwa. Wapo walioitikia, hasa pale ambapo temozolomaidi iliuachia uvimbe mabadiliko mengi ya jeni, lakini si wengi. Tena seli za pituitari zenyewe hubeba CTLA-4, protini ambayo ndiyo shabaha ya ipilimumabu, hivyo dawa inaweza kuchochea kinga iishambulie tezi iliyobaki. Mgonjwa akilalamika kichwa kuuma na uchovu mzito, pima kotisoli ya asubuhi, sodiamu, TSH (homoni ya pituitari inayoichochea tezi ya thairoidi) na T4 huru (homoni ya thairoidi). Kotisoli na T4 zote zikiwa chini, haidrokotisoni, dawa ya kufidia kotisoli, itangulie: thairoksini, dawa ya kufidia T4, huharakisha kuvunjwa kwa kotisoli kidogo iliyobaki, na ikipewa kwanza inaweza kumwangusha mgonjwa kwa shinikizo la damu kushuka ghafla.