Namba kuonekana kwenye tovuti haithibitishi kadi

Wakusanyaji wengi wa kadi za michezo huamini kwamba kadi ikiwa ndani ya kasha gumu la plastiki la PSA, kampuni ya Marekani inayokagua kadi na kuzipa madaraja ya ubora, na namba iliyo kwenye lebo ya kasha hilo ikapatikana kwenye tovuti ya kampuni hiyo, basi ni halali. Sivyo. Mghushi hana haja ya kubuni namba. Huchukua ya kadi halisi iliyowahi kupigwa picha mtandaoni, akaichapa kwenye lebo ya kasha bandia. Ukiitafuta, itatokea tu. Kadi ya mchezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan, iliyotolewa na kampuni ya Fleer mwaka 1986, imeghushiwa mno.

Namba itumie kutafuta picha ya kadi yenyewe, kisha linganisha upana wa kingo, madoa na mikwaruzo. Isiyo kwenye kasha, itazame kwa lenzi ya kukuzia: kwenye kadi nyingi zilizochapwa kiwandani kwa mtambo wa ofseti, picha ni vitone vilivyopangika, ilhali maandishi meusi ni wino mzito usiokatika. Nakala ya skana mara nyingi huyavunja maandishi nayo kuwa vitone.

Na kasha halisi? Nalo si hakikisho. Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa zamani wa besiboli, iliyopewa daraja la 8 kati ya 10 na PSA ilikuwa imekatwa kingo, na Bill Mastro, mnadi maarufu wa Marekani, alikiri mwaka 2013 kwamba ndiye aliyeikata.