Je, wajua kwa nini kufuta nakala moja ya data kunahitaji ukaguzi mkali?

Simama Kariakoo asubuhi uangalie mzigo unavyohama. Lori linaleta marobota, wapagazi wanayashusha stoo, mwenye stoo anahesabu na kuandika, halafu marobota yaleyale yanabebwa tena hadi kwenye guta la mteja. Mwenye haraka atauliza: kwa nini guta lisisogezwe kwenye lori, mzigo ubebwe mara moja tu?

Watengenezaji wa kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi kama Linux, wana swali hilohilo. Programu ikituma video mtandaoni kwa njia ya kawaida, data inatoka kwenye diski na kuingia kumbukumbu ya kerneli, inanakiliwa kwenda kumbukumbu ya programu, kisha inanakiliwa tena kurudi kerneli, ndipo kadi ya mtandao iichukue. Prosesa imebeba mzigo mara mbili na hakuna hata baiti moja iliyobadilika. Ndiyo maana tangu mwaka 1999 Linux ina sendfile, inayopeleka faili mtandaoni bila kuipitisha kwenye programu. Mwaka 2017 ikaja MSG_ZEROCOPY, inayoiwezesha kadi kuchukua data palepale ilipo kwenye kumbukumbu ya programu.

Kijana ninayefanya naye kazi hapa Dar alinionyesha kiraka, yaani badiliko la msimbo, alichoandika kwa draiva ya kamera, sehemu ya kerneli inayoiendesha kamera. Zamani kamera iliandika picha kwenye kumbukumbu ya kerneli, kisha kerneli ikainakili kwa programu. Yeye aliifanya kamera iandike moja kwa moja kwenye kurasa za programu, yaani vipande vya kumbukumbu yake. "Kaka, sijaongeza kitu, nimefuta tu," akasema. Nikamwambia huko kufuta ndiko nitakakokagua kwanza.

Ile nakala ilikuwa inafanya kazi ya mwenye stoo. Kerneli ikishakuwa na nakala yake, programu haiwezi tena kuigusa. Ukiifuta, wote wawili wanashika karatasi moja. Kerneli inaweza kusoma urefu wa picha, ikaona uko sawa, na kabla haijautumia programu ikabadilisha namba ileile. Dawa ni kusoma namba mara moja, kuiweka pembeni, na kukagua hiyo iliyowekwa pembeni. Kiraka chake kiliisoma mara mbili.

Kubwa zaidi ni umiliki wa kurasa. Kamera haipitii kwa prosesa ikiandika. Inaandika yenyewe kwenye kumbukumbu, ambayo kwa kompyuta nyingi imegawanywa kurasa za baiti 4096. Programu ikifungwa ghafla, na kerneli ikagawa kurasa zake kwa programu nyingine wakati kamera bado inaandika, picha itamwagika juu ya data ya mtu asiyehusika kabisa. Kwa hiyo kurasa lazima zishikiliwe hadi kifaa kimalize. Mwaka 2020 Linux iliongeza pin_user_pages mahsusi kwa kazi hii. Na kilichoshikiliwa lazima kiachiliwe, hata pale mambo yanapoharibika katikati. Mimi husoma njia za makosa kabla ya kusoma njia ya mafanikio, kwa sababu hazijaribiwi mara nyingi.

Mfano unaouma ni wa mwaka 2022, udhaifu ulioitwa Dirty Pipe. Linux ina splice, inayounganisha ukurasa wa faili kwenye bomba la data bila kuunakili. Alama moja ya zamani haikusafishwa, kerneli ikadhani inaruhusiwa kuandika juu ya ukurasa ule, na mtumiaji wa kawaida akaweza kubadilisha faili alizopewa ruhusa ya kusoma tu. Marekebisho yake yalikuwa mistari 2.

Halafu kuna faida yenyewe. Kushikilia kurasa na kusubiri taarifa kwamba kifaa kimemaliza kuna gharama yake. Maelezo ya Linux kuhusu MSG_ZEROCOPY yanasema kwa ujumla inafaa kwa data inayozidi takriban kilobaiti 10. Chini ya hapo kunakili kunaweza kuwa nafuu. Hakuna anayeita guta kwa shati moja.

Kijana alirudi baada ya siku mbili. Kiraka kilikuwa kirefu kuliko mwanzo: urefu unasomwa mara moja, kurasa zinaachiliwa kwenye kila njia ya kutokea, na picha ndogo zimerudishwa kwenye kunakiliwa kama zamani. Aliambatisha vipimo vya kabla na baada. Nikaanza kusoma upya, kuanzia njia za makosa.