Chombo Hiki Kiliundwa Mwaka wa Ngapi wa Vita?

Vyombo vya kivita vya angani katika hadithi za kisayansi huchorwa mara nyingi kana kwamba vita vimeanza juzi: ubavu laini, rangi mpya, kila mzinga mahali pake. Wachoraji na waandishi wanaofika kwenye idara yetu ya historia ya teknolojia kutaka ushauri huwa tunawauliza kwanza chombo chao kiliundwa mwaka wa ngapi wa vita. Vita vikidumu havibadilishi silaha peke yake. Hubadilisha kiwanda, malighafi, fundi na hata umri wa rubani, na yote hayo huacha alama kwenye chombo.

Mifano mizuri iko baharini, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kati ya 1941 na 1945 Marekani iliunda zaidi ya meli 2,700 za mizigo za aina ya Liberty. Injini yake ilikuwa ya mvuke ya mtindo wa kizamani, kwa kuwa viwanda vya injini za kisasa vilikuwa vimeelemewa na mahitaji ya manowari, na mwendo wake ulikuwa noti 11 tu, yaani kama kilomita 20 kwa saa. Haikuwa meli bora. Ilikuwa meli inayoweza kuundwa kwa wingi na watu ambao jana yake hawakuwa mafundi. Vipande viliundwa kando, vikanyanyuliwa kwa kreni, vikachomelewa badala ya kupigwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma ya kuunganishia bamba. Moja, Robert E. Peary, iliundwa Novemba 1942 kwa siku 4 na saa 15 tangu kulazwa mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, hadi kushushwa majini, ingawa hiyo ilikuwa zaidi ya kutamba kuliko kazi ya kawaida.

Kisha meli hizo zikaanza kupasuka. Tundu la kupakilia shehena sitahani lilikatwa kwa pembe kali, na mara nyingi ufa ulianzia kwenye pembe hizo. Kwenye bahari za baridi kali chuma chake kilivunjika kama kioo. Katika meli ya ribiti, ufa ukifika ukingoni mwa bamba una nafasi ya kukoma. Katika meli ya kuchomelea bamba zote zimekuwa chuma kimoja, nao hukimbia hadi mwisho. Wahandisi walizifanya pembe kuwa mviringo, wakaongeza mikanda ya chuma iliyopigwa ribiti ili kuuzuia ufa njiani. Mikanda ya namna hiyo ndiyo tunayomwomba mchoraji aichore. Chombo cha anga chenye kiraka palepale ambapo vile vilivyokitangulia vilipasukia kimeshaeleza historia yake kabla mhusika yeyote hajafungua kinywa.

Ndani ya chombo mabadiliko ni makubwa zaidi. Baada ya mapigano ya usiku karibu na kisiwa cha Guadalcanal, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 1942, mabaharia wa Marekani walikwangua rangi za kuta na kung'oa zulia za linoliamu, kwa sababu vilikuwa vinawaka. Basi vile vyumba vya manahodha vilivyopambwa tunavyovizoea kwenye hadithi ni vya wakati wa amani.

Linganisha pia meli mbili za kubeba ndege. Yorktown ya Marekani ilifika kwenye kituo cha Pearl Harbor, Hawaii, tarehe 27 Mei 1942 ikiwa imeharibika vibaya, ikatengenezwa usiku na mchana, na tarehe 30 ikang'oa nanga kwenda kupigana na Wajapani karibu na kisiwa cha Midway. Huko, kabla ya mabomu kuiangukia, mabaharia walitoa petroli kwenye mabomba na kujaza kaboni dioksidi. Meli ilipigwa, ikazimwa moto, ikaanza kutembea tena, hata marubani wa Japani waliokuja mara ya pili wakadhani ni meli nyingine, nzima. Mwishowe ilizama, lakini iliwagharimu adui mashambulizi mengi. Taiho ya Japani, meli mpya yenye sitaha ya deraya, ilipigwa topido moja tu Juni 1944. Mvuke wa petroli ukavuja, mabaharia wasio na uzoefu wakafungua mifumo ya hewa ili uondoke, ukasambaa meli nzima, na saa kadhaa baadaye ukalipuka. Deraya ilikuwepo, kilichokosekana ni watu wanaojua valvu ipi ifungwe. Mwaka wa kumi wa vita watu hao ndio adimu, kwa hiyo chombo cha wakati huo kingekuwa na valvu chache, kubwa, zenye rangi ambazo mtu hawezi kuzichanganya.

Angani kuna adhabu ambayo bahari haitoi. Baharini unaweza kuongeza mizinga na rada hadi meli ianze kulewalewa. Hesabu ya mwanasayansi Mrusi Tsiolkovsky ya 1903 ni kali zaidi: roketi ikitaka kufikia kasi sawa na ile ya gesi inayotoka kwenye injini yake, lazima ianze safari na uzito mara 2.7 ya ule itakaomalizia nao; ikitaka maradufu ya kasi hiyo, mara 7.4. Kila bamba la deraya linadai fueli yake.

Halafu kuna joto. Hakuna hewa ya kulipeleka, hivyo linatoka kwa mnururisho tu, kama joto la jua linavyotufikia, kupitia rejeta pana na nyembamba kama zile za Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Huwezi kuzivika deraya zikaendelea kufanya kazi. Vita virefu vingezisukuma ziwe ndogo na za moto zaidi, maana jotoridi halisi la rejeta, yaani lile linalohesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa, likiongezeka maradufu, eneo lilelile hutoa nishati mara 16. Injini ingepoteza ufanisi, na rejeta zingewaka wekundu unaoonekana kutoka mbali, lakini shabaha ya adui ingepungua.

Haya yote ni ya vita vinavyokula vyombo. Vipo virefu visivyovila, vya kuviziana. Ndege ya mabomu ya B-52 ya Marekani iliruka mara ya kwanza 1952, ya mwisho ikaundwa 1962, na bado zinaruka, baada ya kubadilishiwa vifaa vya ndani tena na tena huku mzinga wa mkiani ukiondolewa. Hadithi yenye vita vya namna hiyo inahitaji vyombo vilivyoachiwa nafasi tupu tangu mwanzo, nyaya za vizazi vitatu ubavuni, na rubani anayeketi kwenye kiti alichokalia babu yake.